Kanzu ya pamba ikae nyoofu

Ukivuka kutoka kisiwa cha Fundo kwenda mjini Wete umevaa kanzu ya pamba, unashuka mashuani na mikunjo mapajani hata kama umeipiga pasi alfajiri. Lawama si ya pasi. Unyevu hulegeza vifungo vinavyoshikanisha molekuli ndani ya nyuzi za pamba, na kitambaa kikikauka kimekaliwa, vinajifunga upya palepale kilipokunjika.

Kwanza jua kanzu yako ni ya aina gani. Zinazouzwa kwa sifa ya kutokunjika zimetiwa dawa kiwandani, kisha zikapashwa joto kali ili dawa iziunganishe molekuli ndani ya nyuzi. Dawa hizo mara nyingi zina asili ya fomaldehaidi, kwa hiyo ifue kabla ya kuivaa mara ya kwanza. Usiitie jiki: baadhi ya dawa hizo hushika klorini, na pasi ikipita kitambaa huwa manjano na kudhoofika. Uzi wenyewe umeshapungua nguvu, basi ukosi usiusugue kwa brashi. Asidi iliyomo katika ndimu nayo inaweza kutumika kiwandani badala ya fomaldehaidi, ila usihangaike kuroweka kanzu kwenye maji ya ndimu. Bila kichocheo na joto la nyuzijoto 160 na zaidi, huambulii kitu.

Pamba isiyotiwa dawa ya kiwandani, tiba yake ni wanga wa muhogo. Chukua wanga wenyewe, ule unaotuama chini ukikamua muhogo uliokunwa. Unga wa makopa hautafaa. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita ya maji. Uvuruge kwanza kwa maji baridi kidogo, ndipo umimine yanayochemka huku unakoroga, mpaka weupe wa maziwa upotee. Chuja. Kanzu isuuzwe kwa maji ya mvua kama kisima chako kina chumvi, ichovywe, ikamuliwe bila kusokotwa, kisha ianikwe. Kofia ya viua inataka wanga mzito zaidi, na ikaukie kwenye faroma, kile kifaa cha kunyooshea kofia. Bila faroma umejisumbua bure.

Kabla ya pasi, nyunyiza maji, iviringishe kanzu nusu saa unyevu uenee. Pasi ya makaa ipepee majivu mbali na nguo, ifute chini, ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Endelea mpaka kitambaa kikauke kabisa, uitundike ipoe. Hapa wengi huharibu: wanaivaa ingali moto.

Sandukuni usiiweke na wanga, italiwa na mende na kuota ukungu. Ihifadhi ikiwa imefuliwa, uitie wanga siku moja kabla ya Idi.