SOMO LETU: MTUMISHI WA KANISA NA HAKI ZAKE KATIKA SHERIA



Katika mikutano yetu huulizwa kila mara sadaka imefikia kiasi gani na paa litaezekwa lini. Ni mara chache sana mtu husimama na kuuliza, "Je, mlinzi wetu amelipiwa NSSF mwezi huu?" Leo tujifunze kuuliza swali hilo.

Kwanza tuungame. Katika parishi moja tuliyoitumikia kama wazee wa kanisa palikuwa na mlinzi aliyeajiriwa mwaka 1999. Alilinda kanisa, akapiga kengele, akafagia uwanja, mpaka alipostaafu mwaka 2018. Tulimwaga kwa wimbo, kanzu mpya na bahasha. Alipokwenda kuulizia mafao yake aliambiwa kwamba michango yake ilikuwa ya miezi 31 tu. Ili apate pensheni ya uzee kila mwezi ilitakiwa michango isiyopungua miezi 180, na yeye alikuwa ametumika zaidi ya miezi 220. Hakuna aliyeiba fedha. Kila fedha zilipopungua tulisema, "Tutalipa mwezi ujao." Mwezi ujao ukawa miaka. Mzee yule hakutulaumu, na hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Sasa tuingie katika somo. Tutakayosema yanahusu Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria zao na mfuko wao wa hifadhi ya jamii.

1. Nani ni mwajiriwa?

Wengi husema, "Huyu wetu anajitolea tu, tunampa posho." Sheria haiangalii jina tulilompa, huangalia kazi yenyewe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, ikiwa kwa mfano anafanya kazi chini ya maelekezo yetu, au amefanya kazi kwetu kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mlinzi anayekesha kwetu kila usiku hutimiza saa hizo kabla ya wiki mbili kwisha.

2. Tunampa nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi yake, mshahara wake, saa zake. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na zinazozidi hapo ni za ziada, zina malipo yake. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mama anayejifungua ana siku 84, na akizaa pacha ni 100. Anayelipwa kwa mwezi haachishwi bila notisi ya siku 28 na sababu ya haki. Akiona ameonewa, anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mwajiri huulizwa karatasi. Asiye na karatasi atajitetea kwa shida.

3. Tunakata na kulipa nini?

Tufanye hesabu kama darasani. Karani wa parishi ana mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi.

NSSF: yeye hukatwa asilimia 10, yaani 40,000, kanisa linaongeza 40,000 kutoka mfuko wake. Jumla 80,000.

Kodi ya mshahara: toa kwanza mchango wake wa 40,000, zinabaki 360,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, na zinazozidi hapo mpaka 520,000 hukatwa asilimia 8. Kwa hiyo 90,000 mara asilimia 8 ni 7,200. Hupelekwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: asilimia 0.5, yaani 2,000. Hii hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Basi karani anapokea 352,800, na kanisa linatumia 442,000. Mtunza hazina aliyeandika 400,000 katika makisio ya mwaka ameanza mwaka akiwa na upungufu, na hapo ndipo "mwezi ujao" huzaliwa.

4. "Lakini kanisa halilipi kodi!"

Hapa wengi hukosea. Nafuu ya kodi ambayo taasisi ya hisani inaweza kupewa ni juu ya mapato ya taasisi yenyewe, nayo haiji hivi hivi. Huombwa kwa Kamishna. Kodi ya mshahara si ya kanisa. Ni ya mfanyakazi, nasi tu wajumbe wa kuipeleka. Kadhalika ile 40,000 aliyokatwa karani ni mali yake iliyo mikononi mwetu. Kuikata na kununulia saruji, hata kama ni saruji ya madhabahu, ni kujenga kwa fedha ya mtu bila idhini yake. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anawakemea waliozuia ujira wa wavunaji. Asidhani mtu kwamba maneno yale hayawahusu wazee wa kanisa.

Kazi ya kufanya

Katika kikao kijacho cha halmashauri, kila parishi ijibu maswali haya:

(a) Tuna watumishi wangapi, na ni wangapi wenye mkataba wa maandishi?
(b) Risiti ya mwisho ya NSSF ni ya mwezi gani?
(c) Je, kila mtumishi ameonyeshwa taarifa ya michango yake mwaka huu?
(d) Makisio yetu yamehesabu mshahara peke yake, au na michango ya mwajiri?

Jibu likiwa baya, msifiche. Nendeni ofisi ya NSSF mkaeleze deni lenu na mpange jinsi ya kulilipa, mtumishi angali kazini. Sisi tulichelewa. Ninyi bado mna nafasi.