MAKABURI YA HOLA: JINSI YA KUZURU MAHALI PA KALE PASIPO NA JUMBA

Ukisikia "mahali pa kihistoria" bila shaka fikira zako hukimbilia Fort Jesus kule Mombasa au magofu ya Gede. Huko kuna kuta, kuna tiketi na kuna mtu wa kukueleza. Sisi wa Hola, huku kando ya mto Tana, hatuna kuta. Tuna makaburi, mifereji na mto wenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuzaliwa hapa, akasoma hapa hapa mpaka kidato cha tatu, na asijue kitu. Mtu huyo ni mimi.

Mwaka jana wakati wa likizo nilikuwa stendi nikimngoja mjomba. Akashuka mzee mmoja mgeni, ana fimbo na kikapu. Akawa yeye ndiye wa kwanza kuniamkua, badala ya mimi kumpa shikamoo. "Kijana, makaburi ya wale kumi na mmoja yako wapi?" Nilijua yapo, lakini sikujua ni wapi hasa. Badala ya kusema sijui, nikanyosha mkono tu. "Asante mjukuu wangu," akasema, akaenda na jua lile la saa saba. Baadaye nilipomweleza nyanya, aliniuliza: "Ulimwelekeza huko? Huko kuna nini?" Mzee yule sikumwona tena.

Kwa hivyo mlezi wa chama chetu alipouliza ziara ya mwaka huu iwe wapi, na wenzangu wakapiga kelele "Malindi! Malindi!", mimi niliinua mkono nikasema Hola. Walinicheka. Mwalimu hakucheka.

Jambo la kwanza katika ziara ya aina hii ni kusoma kabla ya kwenda, kwa sababu mahali penyewe hapatakusimulia. Tulikaa vipindi viwili darasani. Tulianza na neno moja lililotuchanganya, yaani "mfungwa". Mfungwa ni mtu aliyehukumiwa na korti. Wale wa Hola hawakuhukumiwa. Walikuwa kizuizini, wakidaiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau, wengine kwa miaka mingi. Ukiandika "wafungwa wa Hola" unawapa hatia ambayo hakuna hakimu aliyewapa.

Basi tarehe 3 Machi 1959, watu 85 walitolewa kambini wakapelekwa kulazimishwa kufanya kazi katika mradi wa kunyunyiza mashamba maji. Walikuwa wamekataa kazi hiyo, wakisema wao si watumwa. Askari wa gereza waliwapiga kwa virungu. Watu 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Hapo darasa zima lililipuka. Maji! Maji ya Tana ndiyo tunayokunywa sisi, ndiyo yanayopikiwa wali, ndiyo yanayoivisha maembe yetu yanayouzwa hadi Mombasa. Madaktari walipochunguza maiti waliona majeraha ya kupigwa, na uwongo ule haukufika mbali. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 jambo hili lilijadiliwa katika bunge la Uingereza. Barbara Castle wa upinzani alikuwa ameifuatilia serikali kwa muda, na hata Enoch Powell, ambaye alikuwa wa chama tawala, akasimama akaishutumu. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Jina la Hola nalo likaondolewa, mahali pakaitwa Galole, ati watu wasahau. Jina lilirudi baada ya uhuru, lakini eneo letu la bunge bado linaitwa Galole.

Mzee Wambugu wa Nyingi alikuwa Hola siku hiyo. Alipigwa hadi akazimia, akalazwa pamoja na maiti. Miaka zaidi ya 50 baadaye, yeye na wenzake walipeleka kesi yao London, na mwaka 2013 Uingereza ikaeleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati ule.

Siku ya ziara tulianza asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Makaburini tulivua kofia. Nilitarajia kuona kitu kikubwa, lakini kusema kweli ni mahali pa kimya tu, na asiyejua angepita. Niliwaza sana kuhusu yule mzee. Je, alikuwa na ndugu yake pale? Sikumwuliza hata jina.

Kisha tukafuata mifereji. Skimu ya Hola ilianzishwa kwa jasho la watu wa kizuizini, ikalima pamba miaka mingi, ikaanguka mwaka 1989 mto ulipobadili njia. Imefufuliwa baadaye. Hilo nalo ni somo kwa mwenye kuzuru kando ya mto: uliza mto ulipita wapi zamani, usiangalie unapopita leo tu.

Kivutio kingine cha Wapokomo huwezi kukizuru, maana hakipo. Ni ngadzi, ngoma kubwa ya wazee, iliyochukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, nayo imo katika hifadhi ya British Museum kule London. Lakini kuna kitu hawakukichukua. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Kila Jumatatu bendera inapopandishwa, Kenya nzima inaimba sauti ya akina mama wa Tana!

Tulimalizia mtoni. Jua lilikuwa limepanda na chupa zetu zilikuwa tupu. Mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza aliteka maji kwa viganja, akatuangalia, akanywa. Nami nikanywa. Mwalimu akatazama saa, akasema tufanye haraka, kipindi cha hesabu kilikuwa kinatungoja.

Muhula ujao tunakwenda kuona mbega wekundu wa Tana msituni. Mwenye nia alete jina lake kwa katibu, na avae viatu vya kufunika.