Mtetezi wa uhai ni nani? Tunayojifunza kwa wasio wa dini



Somo la robo hii limetokana na swali tuliloulizwa tukashindwa kulijibu. Tulikuwa katika semina ya kamati za afya na malezi. Tumesoma Zaburi ya 139 na Yeremia sura ya 1, tumeeleza msimamo wetu kuhusu utoaji mimba, na wajumbe wameitikia Amina. Ndipo tabibu wa zahanati moja ya kijijini, ambaye tulimwalika kufundisha dalili za hatari kwa wajawazito, akanyosha mkono. Alisema yeye si mtu wa kanisa wala wa msikiti, na kwa kweli hajui kama Mungu yupo. Hata hivyo anaamini kuwa kutoa mimba ni kukatisha maisha ya mtu, na amewahi kukataa fedha kwa sababu hiyo. "Je, mimi mnaniweka upande gani?" akauliza.

Tulicheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaongeza kwamba mabinti wanaoletwa kwake wakivuja damu baada ya kutoa mimba kwa siri, wakipata nafuu hawamuulizi kama watapona. Wanamuuliza kama mzee wa kanisa atajua.

Maneno hayo tutayarudia. Kwanza tushughulikie swali lake, maana wengi wetu tumezoea kudhani kwamba anayepinga utoaji mimba ni mtu wa dini, na asiye na dini lazima auunge mkono. Sivyo ilivyo.

Sayansi ya uzazi haina ugomvi juu ya jambo moja: mbegu ya baba na yai la mama vikiungana, kinaanza kiumbe hai kipya cha jamii ya binadamu. Hapo hatuhitaji Biblia. Kitabu cha Baiolojia cha sekondari kinatosha. Ugomvi huanza hatua inayofuata: je, kiumbe huyo ana haki ileile aliyo nayo mtoto aliyekwisha kuzaliwa? Maabara haiwezi kutujibu, na hapo wasio na dini nao hugawanyika.

Mwaka 1989 mwanafalsafa wa Marekani, Don Marquis, aliandika makala ambayo husomwa vyuoni mpaka leo. Hakutegemea Maandiko wala fundisho lolote kuhusu roho. Alianza na swali ambalo hata mzee wa kijijini angeliuliza: kwa nini ni vibaya kuniua mimi? Jibu lake ni kwamba anayeniua ananinyang'anya siku zangu zote zijazo. Kwa lugha ya kwetu tungesema mavuno ambayo sijayavuna na wajukuu ambao sijawabeba. Mtoto aliye tumboni naye ana siku hizo mbele yake, tena nyingi kuliko zangu. Kumwondoa, kwa hoja ya Marquis, ni kumnyang'anya kitu kilekile.

Upande wa pili yuko Judith Jarvis Thomson, mwanafalsafa wa Marekani pia, aliyeandika mwaka 1971. Yeye alifanya jambo la ajabu: alikubali, kwa ajili ya hoja, kwamba mtoto wa tumboni ni mtu kamili. Kisha akasema, hebu fikiri umeamka hospitalini umeunganishwa kwa mirija na mpiga fidla maarufu ambaye figo zake zimekufa. Watu wamekuteka usiku kwa sababu damu yako peke yake ndiyo inayomfaa. Ukivumilia miezi 9 atapona; ukijitoa sasa, atakufa. Ukikaa umefanya wema mkubwa, lakini je, nani ana haki ya kukulazimisha?

Sisi hatukubali mfano huo utumike kwa kila mimba. Mtoto hakutekwa na kuletwa kwa mgeni; yeye na mama ni damu moja, na kwa kawaida mimba haitokani na utekaji. Lakini tukiri kwamba Thomson amegusa mahali ambapo sisi wahubiri hupita haraka. Mimba hubebwa na mwili mmoja tu. Sisi sote tunaotoa maoni, kamati nzima, tunarudi nyumbani tukiwa wepesi.

Yuko pia Norberto Bobbio wa Italia. Mwezi Mei 1981 nchi yake ilikuwa inajiandaa kupiga kura kuhusu sheria ya mwaka 1978 iliyoruhusu utoaji mimba. Bobbio alikuwa mwanafalsafa wa mrengo wa kushoto na hakuwa mtu wa kanisa. Aliliambia gazeti kwamba anashangaa kuona wasioamini wakiwaachia waumini peke yao heshima ya kusema kuua ni marufuku. Wapiga kura waliiacha sheria ile ibaki, na hoja ya Bobbio nayo imebaki. Tabibu wetu hakuwa amemsikia mtu huyo, lakini angemwelewa.

Baadhi ya wahisani wetu wako Ujerumani, na nchi yao inatupa somo ambalo limetusaidia zaidi ya hayo yote. Mahakama ya Katiba ya huko, mwaka 1975 na tena mwaka 1993, ilisema kwamba mtoto ambaye hajazaliwa ana utu na kwamba dola ina wajibu wa kumlinda. Mahakama haikufungua Biblia. Ilifungua Katiba ya mwaka 1949, iliyoandikwa na watu waliotoka kuona kwa macho yao nini hutokea serikali inapojipa mamlaka ya kuamua maisha ya nani yana thamani. Lakini uamuzi wa mwaka 1993 ulikiri pia kwamba katika majuma ya mwanzo mtoto huyo hawezi kulindwa dhidi ya mama yake. Analindwa pamoja na mama, ama halindwi kabisa. Ndiyo maana sheria iliyofuata mwaka 1995 inasema kutoa mimba bado si halali, lakini mwanamke haadhibiwi ikiwa ni ndani ya majuma 12 na amepata ushauri angalau siku 3 kabla. Wapo wanaouita utaratibu huo unafiki. Sisi nasi tunaona umeacha mlango wazi mno. Hata hivyo lile wazo la kumlinda mtoto pamoja na mama tumelibeba, na hatuoni sababu ya kulirudisha.

Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu ni kali: miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba na miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 230 humlinda mganga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Aidha, kumtibu mwanamke aliyefika akivuja damu si kosa. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumekuta mitaa ambako ndugu humficha mgonjwa ndani kwa hofu ya polisi mpaka anafia mikononi mwao. Namba 115 ya m-mama hupigwa bila malipo kuomba usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga. Ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila mtaa.

Sasa turudi kwa wale mabinti na mzee wa kanisa.

Katika sharika zetu nyingi, binti akipata mimba nje ya ndoa huzuiliwa Meza ya Bwana. Anatolewa kwaya. Baadaye, akitaka kurudi kundini, husimama mbele ya usharika akiwa amembeba mtoto. Tumeliona hilo tangu utoto wetu na hatukuwahi kulihoji. Lakini tufanye hesabu kama alivyoifanya yule tabibu ubaoni. Mabinti wawili wa kwaya moja wamepata mimba mwezi mmoja. Wa kwanza anazaa. Tumbo linaonekana, anazuiliwa. Wa pili anatoa kwa siri; Jumapili inayofuata amesimama kwenye safu ya sauti ya kwanza, naye anashiriki Meza ya Bwana. Vijana waliowapa mimba hatuna haja ya kuuliza walipo. Wako kwenye bendi.

Hivyo basi, kwa mdomo tunafundisha kutetea uhai, na kwa utaratibu wetu tunamwadhibu yule aliyeutetea.

Tulipofungua bajeti yetu wenyewe aibu iliongezeka. Palikuwa na kifungu cha semina na kifungu cha vipeperushi. Kifungu cha binti aliyeamua kuzaa hakikuwepo. Wala hatukuwa tumewaeleza wazazi kwamba mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya mimba wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Hadi leo tunakutana na baba ambaye hajasikia, na binti yake ana miaka miwili nyumbani.

Katekisimo Ndogo ya Luther, inapofafanua Amri ya Tano, haiishii kwenye kutomdhuru jirani. Inadai pia tumsaidie katika mahitaji yake ya mwili. Tumeikariri katika Kipaimara sote. Kwa binti mwenye mimba, mahitaji hayo ni nauli ya kliniki, kanga, sabuni, kadi ya bima, na mtu wa kukaa na mtoto ili mama arudi darasani. Asiye na dini anaweza kuyatoa hayo, na yule tabibu ametoa mara kadhaa mfukoni mwake. Kwa hiyo jibu la swali lake tunalo sasa: tunamweka upande wetu, na tunaomba naye akubali kutuweka upande wake.

Kuanzia robo ijayo tumehamisha nusu ya fedha za vipeperushi kwenda kwenye mfuko wa mama na mtoto. Wahisani wetu tumewaandikia kuwaomba ridhaa, na wawili wamekwisha kuitoa. Suala la nidhamu ya Kanisa halimo katika mamlaka ya ofisi ya miradi. Ni la wachungaji na mabaraza ya wazee. Tunachoomba ni kwamba kila kamati iliweke kwenye ajenda ya kikao kijacho, wanawake na vijana wakiwepo, na ijibu kwa maandishi maswali haya: katika miaka 3 iliyopita, ni mabinti wangapi wa usharika wenu wamezuiliwa kwa sababu ya mimba, ni vijana wa kiume wangapi, na nani katika kamati aliwatembelea mabinti hao walipojifungua? Majina yasiandikwe. Muhtasari utufikie kabla robo hii haijaisha, hata kama jibu la swali la mwisho ni hakuna.