KONDAKTA ASIYEPANDA MATATU

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ukisimama hapa steji ya Burnt Forest ukauliza kondakta ni nani, utaonyeshwa yule kijana anayening'inia mlangoni mwa matatu ya Eldoret, noti amezikunja katikati ya vidole, anagonga bati mara mbili gari liondoke. Mimi pia nilijua hivyo tu. Hadi mwaka jana sikuwa na habari kwamba yuko kondakta mwingine, na kwamba huyo wa pili ndiye angenirudisha kwenye muziki.

Nianze na aibu yangu. Toka shule ya msingi nilikuwa mwanzishi wa nyimbo. Mama aliacha viazi vyake sokoni akaja kunisikiliza. Nilipofika Kidato cha Pili, sauti ikavunjika. Siku moja mazoezini nilianzisha wimbo, kikatoka kilio cha jogoo mwenye mafua. Kwaya nzima ikaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini usiku ule bwenini usingizi ulinipaa. Muhula mzima nikawa mtu wa kupanga viti.

Mwalimu wetu wa muziki alikuwa akiniangalia tu. Jumamosi moja jioni akaleta kompyuta yake, akatuonyesha filamu ya mwaka wa 2010 iitwayo Kinshasa Symphony. Wahusika wanaongea Kifaransa na Kilingala, basi wenzangu wengi walichomoka mmoja mmoja kwenda kutazama mpira. Mimi niliganda kitini.

Filamu hiyo inahusu okestra ya mjini Kinshasa, nchini Kongo, na kiongozi wake, Armand Diangienda. Mzee huyu alikuwa rubani wa ndege. Babu yake ni Simon Kimbangu, yule mhubiri aliyefungwa na Wabelgiji mwaka wa 1921 na kufa akiwa mfungwa mwaka wa 1951. Mwaka wa 1994 Diangienda akaanzisha okestra na waumini wa kanisa lao, na muziki huo alijifunza kwa juhudi zake mwenyewe. Mwanzoni violini zilikuwa chache kuliko watu, kwa hiyo mmoja akicheza, mwingine alingoja zamu. Uzi wa violini ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. (Walimu wenye baiskeli, msiogope, hatujafika huko.) Baadaye wachezaji na waimbaji wake walifika kama 200. Katika filamu stima inapotea katikati ya mazoezi, nao wanaendelea kupiga gizani! Mwaka wa 2013 Royal Philharmonic Society ya Uingereza ilimfanya Diangienda mwanachama wa heshima.

Kazi kubwa wanayoipiga ni Simfoni ya 9 ya Beethoven. Simfoni ni utungo mrefu wa okestra, na huu una sehemu nne. Ajabu yake ni kwamba kwaya inakaa kimya sehemu tatu nzima, zaidi ya dakika 40, ndipo inaingia katika ya nne. Nani atawaambia waimbaji kwamba sasa ndipo? Ulipoimbwa mara ya kwanza mjini Vienna, tarehe 7 Mei 1824, Beethoven mwenyewe alikuwa kiziwi. Alisimama mbele akionyesha mwendo, lakini wanamuziki walikuwa wameagizwa wamtazame mtu mwingine, Michael Umlauf. Watu wakapiga makofi, Beethoven hasikii, ikabidi mwimbaji mmoja wa kike, Caroline Unger, amgeuze ili ayaone. Kisa hicho kilinichoma. Mtunzi mkubwa vile, na bado kazi ya kuwashika watu pamoja ilimtaka mwenye kusikia.

Hapo ndipo nilipozinduka. Yule aliye mbele haimbi wala hapigi chombo. Katika watu 200, yeye peke yake hatoi sauti. Kumbe hata mwenye sauti ya jogoo anaweza kuwa mwanamuziki! Jumatatu nikamwomba mwalimu anifundishe.

Haya ndiyo niliyojifunza, nawe unaweza kujaribu hapo ulipo. Mkono wa kulia hushika mapigo. Wimbo wa mapigo mawili: chini, juu. Wa matatu: chini, kulia, juu. Wa manne: chini, kushoto, kulia, juu. Pigo la kwanza huenda chini daima, ili hata aliyepotea akiinua macho ajue mwanzo uko wapi. Mkono wa kushoto una kazi zake: kuwaita alto waingie, kuwatuliza besi, kuomba sauti ipande au ishuke. Sasa piga manne kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukipanda polepole. Umeona? Mikono yote miwili inataka kufanya kitu kimoja. Mimi nilijizoeza wiki mbili nyuma ya jikoni, hata wapishi wakauliza nafukuza nzi gani kwenye baridi hii.

Nyumbani nilipomweleza mama, alinitazama kwa muda. "Kwa hivyo huimbi, hupigi ngoma, unapunga mkono tu?" Nikasema ndiyo, mama. Akarudi kuchagua viazi.

Niliposimamishwa mbele ya kwaya, mambo yaliharibika. Wimbo ulikuwa wa Kikalenjin, na kila tulipofika ubeti wa pili mwendo ulilegea. Nikapunga kwa nguvu zaidi. Wakalegea zaidi. Mwalimu akanisimamisha: "Wewe unapunga kama mtu anayesimamisha lori. Pumzi umewapa saa ngapi?"

Nikaitazama ile filamu tena, safari hii mikono tu. Kabla ya sauti yoyote kutoka, mkono unapanda. Kupanda huko si mapambo. Kunawaonyesha watu mwendo wa wimbo na kuwaambia wavute hewa, wote kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa napiga chini moja kwa moja, nao wakaingia kila mtu na lake. Halafu kulikuwa na kosa la pili: mimi si Mkalenjin, nilikuwa nikikata sentensi katikati bila kujua. Nikamwendea rafiki yangu mmoja wa sauti ya tena, akaniimbia mstari kwa mstari kitandani kwake, nikaweka alama ya penseli kila alipopumua. Mazoezi yaliyofuata sikuongeza nguvu hata kidogo. Niliinua mkono, nikapumua nao, ubeti wa pili ukapita kama maji.

Katika mashindano ya muziki tulitoka wa pili. Mwamuzi aliandika kwamba tuliingia pamoja, ila besi walifunika alto kuanzia katikati hadi mwisho. Ni kweli, niliwasikia, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi baada ya michezo, ukumbi wa kulia. Alto tunawatafuta sana.