Nani Aitwe Teja?

Fungueni 1 Wakorintho 6:12. Paulo haishii kwenye swali la halali. Anataka kujua kama kitu hicho kinakutawala.

Chukueni miraa. Inashushwa Mokowe, inavushwa kwa boti hadi Amu, inauzwa mchana kweupe. Tangu 2016 sheria ya Kenya inaitambua kama zao la biashara. Vuka mpaka uingie Tanzania: majani yaleyale ni mirungi, na ukikamatwa nayo ni kesi ya dawa za kulevya. Uingereza waliyaruhusu hadi Juni 2014, wakayapiga marufuku. Jani halikubadilika, jamani!

Lakini kijana wa unga tunamwita teja, na akiingia ibadani akina mama wanavuta mikoba yao. Mzee wa miraa tunampisha kiti. Sisemi hivi viwili ni sawa. Heroini inaua, na makaburi tunayajua. Nasema kipimo tunachotumia ni cha mtaa na cha serikali. Kwa kipimo cha Paulo, baba anayetafuna karo ya watoto naye ana bwana mwingine.

Alhamisi baada ya maombi nitakaa na wazazi wenye vijana wanaotumia. Njooni na vijana wenyewe. Na mikoba iacheni ilipo.