Figo Baada ya Kolera

Mama mmoja wa Sange, katika bonde la Ruzizi huko Kongo, anauliza: "Daktari, mtoto wangu alipatwa na kolera, akakaa karibu siku mbili bila kukojoa. Alipotiwa serumu mkojo ulirudi. Je, figo zake zimepona kabisa?"

Mara nyingi hupona, tena vizuri. Kolera humaliza maji mwilini kwa saa chache. Presha ikishuka, damu haifiki vya kutosha kwenye figo, na za kwanza kuumia ni seli zilizotanda ndani ya mirija yake midogo. Hizo ndizo hurudisha mwilini maji na chumvi vilivyochujwa, kazi inayohitaji oksijeni nyingi mno. Zikiikosa, baadhi hufa, hubanduka na kuziba mirija.

Zilizonusurika hazikai bure. Huacha kwanza kazi zao za kawaida, hula mabaki ya wenzao, hujitandaza juu ya sehemu iliyobaki wazi, hugawanyika, kisha hurudia umbo na kazi zao. Zamani baadhi ya watafiti walidhani seli hizo mpya hutoka kwenye uboho wa mifupa. Mwaka 2008 Benjamin Humphreys, Joseph Bonventre na wenzao huko Boston walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba huzaliwa na seli za mirija yenyewe.

Ila uwezo huo una mpaka. Kila figo ina vichujio takriban milioni 1, vyote vilivyoumbwa tumboni mwa mama. Kikifa kimoja, hakioti kingine. Figo ikiumizwa tena na tena, baadhi ya seli hukwama katikati ya matengenezo na kovu huanza kukua. Kwa watu wa bonde la Ruzizi hili si jambo la mbali: kolera hurudi, na malaria kali nayo hushambulia figo. Hata kuungua sana hufanya hivyo, na Sange inakumbuka lori la mafuta lililolipuka tarehe 2 Julai 2010 na kuua zaidi ya watu 200.

Kwa hiyo mkojo kurudi ni dalili njema, lakini haitoshi. Baada ya miezi mitatu hivi mtoto apimwe kreatinini kwenye damu, protini kwenye mkojo na presha. Akiharisha tena, aanze mapema maji ya chumvi na sukari (ORS), pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi, huku akipelekwa kituo cha afya. Asipewe ibuprofeni wala diklofenaki, maana hupunguza damu iendayo kwenye figo. Mkojo ukipungua, ukiwa wa kahawia, au uso ukivimba asubuhi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.