ALAMA NA UFUNGUO KATIKA GRAFU ZA MISTARI

Grafu ya mistari ni njia fupi ya kuonyesha jinsi jambo linavyobadilika kadiri muda unavyopita. Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alichapisha mjini London kitabu kilichoeleza kwa mistari biashara ya Uingereza na nchi nyingine. Mstari mmoja ulikuwa wa bidhaa zilizoingia, wa pili wa bidhaa zilizotoka, na jina la kila mstari liliandikwa kandokando ya mstari wenyewe. Mwaka 1983 ilitolewa programu ya lahajedwali iitwayo Lotus 1-2-3, iliyoweza kugeuza safu za tarakimu kuwa grafu. Leo kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Hata hivyo, kompyuta haijui grafu itasomwa na nani, wala itasomewa wapi. Hayo ni juu ya mchoraji.

Mfano wa mvua

Chukua mfano wa bwana shamba anayechora grafu ya mvua ya miezi 12 katika Dar es Salaam na Dodoma. Dar es Salaam ina misimu miwili, masika na vuli, na kilele cha masika huwa mwezi Aprili. Dodoma ina msimu mmoja, unaoanza kwa kawaida karibu na mwisho wa mwaka. Toka Juni hadi Septemba mvua huwa karibu haipo.

Katika kioo cha kompyuta mstari wa buluu na mstari wa kijani hupambanuka vizuri. Lakini grafu hiyo ikichapwa kwa wino mweusi na kubandikwa ubaoni, mistari yote miwili huwa ya kijivu. Ufunguo bado upo, ila haufungui kitu. Mkulima wa Dodoma akifuata kwa makosa mstari wa Dar es Salaam, atangoja kupanda hadi Machi, na mbegu zake zitakuta mvua inakaribia kwisha.

Rangi peke yake haitoshi hata pale wino wa rangi unapopatikana. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, mwanamume 1 kati ya 12 hivi hana uwezo kamili wa kupambanua rangi, hasa nyekundu na kijani.

Kubadili alama

Dawa yake ni kuupa kila mstari alama yake: duara kwa Dar es Salaam, pembetatu kwa Dodoma. Katika programu nyingi za lahajedwali hatua ni hizi:

1. Bonyeza juu ya mstari mara moja, ili mfululizo wote uchaguliwe. Ukibonyeza nukta moja mara ya pili, utachagua nukta hiyo peke yake.
2. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua agizo la kupanga mfululizo wa data.
3. Katika sehemu ya alama, chagua umbo na ukubwa.

Duara lililojazwa na pembetatu iliyo wazi hutofautiana zaidi kuliko duara na mraba vilivyojazwa vyote. Ikiwa vipimo ni vya kila siku kwa mwaka mzima, alama zitabanana na kuuficha mstari. Hapo yafaa kutumia mstari mzima na mstari wa vipande.

Kuutengeneza ufunguo

Maneno ya ufunguo kwa kawaida hutoka katika kichwa cha safu ya jedwali. Safu isiyo na kichwa hupewa jina tupu kama “Mfululizo 1”, lisilomweleza msomaji chochote. Ni bora kusahihisha kichwa cha safu, na ufunguo utafuata. Ikiwa mistari ni michache, mfano wa Playfair ungali unafaa: andika jina mwishoni mwa kila mstari, kisha uondoe ufunguo.

Mwezi usiopimwa

Alama zina kazi nyingine kubwa zaidi. Alama huonyesha kilichopimwa. Mstari kati ya alama mbili ni kiungo tu. Ikiwa kipimamvua kiliharibika mwezi Aprili, kisanduku cha mwezi huo kiachwe wazi, kisijazwe sifuri. Sifuri ni kipimo, na maana yake ni kwamba mvua haikunyesha. Programu ikiagizwa kuuunganisha mstari juu ya pengo, Aprili haitakuwa na alama, na msomaji makini atatambua kwamba hapakupimwa kitu. Pasipo alama, pengo hilo halitaonekana kabisa.

Kabla ya kuisambaza grafu, ichapwe kwa wino mweusi na kupewa mtu asiyeshiriki kuichora. Akiweza kutaja kila mstari ni wa mahali gani, na ni mwezi upi haukupimwa, grafu hiyo imefaulu.